Samaki Mwenye Ratiba

Kwanza ieleweke kwamba kompyuta ile niliinunua kwa ajili ya masomo ya watoto. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu na sijabadili maelezo mpaka leo, ingawa watoto wenyewe mmoja alikuwa chekechea na mwingine ananyonya. Ilikuwa ya mtumba, ya mezani, niliipata Kariakoo kwa bei nisiyoitaja kwa sababu mama Neema naye ana simu. Muuzaji aliiwasha palepale, akafungua gemu ya mpira, na nyasi za ule uwanja zilikuwa za kijani hadi unatamani kupeleka mbuzi. Nikalipa bila hata kuomba punguzo.

Nyumbani Tabata ilikubali kila kitu. Barua iliandika, katuni ilionyesha. Lakini ukibofya gemu, nembo inatokea, feni inavuma kama bodaboda inayopanda mlima na mishikaki ya watu watatu, halafu kap! Giza. Baada ya sekunde mbili inajiwasha yenyewe, haina habari, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akafika kutoka Mwanza.

Mambo haya mawili yashike pamoja, msomaji. Mimi sikuyashika.

Mama alishuka kwenye basi baada ya kilomita zaidi ya 1,000, miguu imevimba, na mkononi boksi lililofungwa kamba ya katani. Ndani dagaa na kayabo. Kwa asiyemjua, kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa kama ubao. Ukimuunga na karanga unasahau madeni. Harufu anayo, siwezi kukudanganya, ila ni harufu ya kistaarabu, inakaa kwenye boksi lake. Tukamweka stoo.

Turudi kwenye kompyuta. Mimi si fundi, ila nilikuwa na bando, na mwanaume mwenye bando hashauriki. Nikafuta gemu nikaipakua upya, gigabaiti 50 na ushee, bando la mwezi likaisha siku ya tatu. Kap. Nikaweka draiva mpya, yaani programu za kuiendesha kadi ya grafiksi, ile inayochora picha. Kap. Nikapiga Windows upya, na hapo picha zetu za harusi zikaenda na maji, tukio ambalo humu ndani bado linaitwa "ule msiba". Kap. Nikafungua kasha, nikachomoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, nikaisugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa Neema. Nikaendesha programu ya kuipima usiku kucha. Asubuhi ramu haina kosa hata moja. Mwenye macho mekundu ni mimi.

Ndani ya Windows kuna daftari linaloandika kila tukio. Nikalifungua kwa uso wa mpelelezi, na kosa nikalikuta: Kernel-Power, namba 41. Umri wangu kamili! Nikatetemeka kidogo. Kisha nikasoma maelezo, ambayo kwa kifupi yanasema kompyuta imewaka tena bila kuzimwa kwanza inavyotakiwa. Ahsante sana. Ni sawa na kwenda kituoni kuripoti umeibiwa simu, afande akaandika kwa mwandiko mzuri: mlalamikaji hana simu.

Siku ya tano hivi mama Neema akasema, "Sebuleni kunanuka samaki." Nikanusa. Kweli. Tukatazamana, halafu wote wawili tukageukia mlango wa stoo.

Sasa mkwe ni mkwe. Mimi mama yule nikimwamkia natazama zulia, nitaanzia wapi kumwambia zawadi yake inatutoa mbio? Nikamtuma binti yake. Binti yake akasema boksi ni la mama lakini pua ni yangu, niende mwenyewe. Basi tukaanza uhamisho wa kimyakimya. Boksi likatoka stoo likaenda jikoni. Harufu ikabaki sebuleni. Likatoka jikoni likaenda uani, chini ya karo. Harufu palepale. Nikapulizia manukato, sebule ikanuka samaki aliyealikwa harusini. Jumamosi moja mama alipokwenda jumuiya, nikalibeba boksi zima mpaka kwenye geti la jirani, nikamkabidhi mlinzi. Nikajiambia ni sadaka.

Huku nako nikawa nimeshika njia ya kwa fundi. Nilibeba kasha tu, lile watu wanaloliita sipiyu, nikalipakata kwenye bajaji kama mgonjwa. Fundi akachomeka waya wake, akawasha, akafungua gemu. Ikafunguka! Tukacheza mechi nzima, akanifunga 3-0, akanitoza 20,000 ya uchunguzi. Nikarudi nyumbani. Kap.

Mara ya pili akashuku pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kasha. Akanieleza vizuri tu: kompyuta ikitulia inakula umeme kama balbu moja ya zamani, ila gemu ikifunguka kadi ya grafiksi inashtuka na kudai mara tatu au nne ya hapo kwa mpigo, na pawa saplai iliyochoka inazimia. Maneno ya mtu mwenye akili. Nikanunua mpya, ya wati 550. Pale kwake ikacheza, 2-0, nikaona nimeanza kukaza. Nyumbani, kap.

Mara ya tatu hata hakuigusa. "Bro, hii mashine inanipenda mimi. Iache hapa, uwe unakuja kuisalimia." Jirani yangu yeye alishauri nyumba iombewe. Nilikuwa nimefika mahali pa kuuliza itaombewa siku gani.

Basi usiku huo nimekaa na kompyuta yangu, ile kubofya tu, kap, mama mkwe akaita kutoka kwenye kochi.

"Baba Neema."

"Naam, Mama."

"Nasikia samaki wangu ananuka."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akakumbuka kuna kitu jikoni.

"Hapana Mama, sisi tulikuwa tu..."

"Mimi nimezaliwa ziwani, baba. Samaki akinuka ananuka mchana kutwa. Huyu wa hapa mchana kimya. Ananuka alfajiri ukipiga pasi shati lako, na usiku ukikaa kwenye hiyo televisheni yako. Samaki wangu amevaa saa?"

Akainuka, akajishika kiuno, akasogeza pazia nyuma ya meza, akainama. "Njoo unuse hapa."

Niliinusa ile soketi na machozi yakanitoka, si kwa uchungu, kwa moshi.

Niseme ukweli. Ile kompyuta ilikuja na ekstensheni yake ya huko Ulaya, plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu ni matundu matatu ya pembe. Nikafanya wanavyofanya wanaume wa nchi hii: nikachokonoa tundu la juu kwa njiti ya kiberiti, vile vifuniko vya ndani vikafunguka, nikasukuma. Ikaingia. Ukiigusa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, lakini ilimradi umeme unapita. Asubuhi pasi humohumo, jioni gemu.

Sasa uso wa soketi ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na karibu na tundu la kulia ulikuwa kahawa kabisa, umefura lengelenge. Nilipochomoa plagi, pini moja ilikuwa nyeusi kama sufuria la kuni. Na kule juu, ile njiti yangu ilikuwa bado imo. Ilikuwa imekatikia humo siku ya kwanza, nami nikaipuuza. Kichwa chake chekundu kilikuwa kizima, kinanitazama. Kiberiti, ndani ya soketi inayoungua, nyumba yenye watoto. Nikakaa chini taratibu.

Fundi umeme alikuja kesho yake, akanusa mara moja tu, akacheka. Kumbe baadhi ya plastiki za soketi zikipata moto hutoa harufu ya samaki. Alisema ameshaitwa kwenye nyumba kibao kutafuta panya aliyekufa, akaondoka na soketi mkononi. Na gemu? Pini ikilegea, matumizi madogo yanapita kwa kubahatisha, ila kadi ikidai umeme mwingi kwa mpigo, pale penye kulegea panakatika nukta moja, na hiyo nukta kompyuta inaitosha kuzimika. Kwa fundi wa kompyuta ilikuwa haizimiki kwa sababu ule ekstensheni sikuwahi kuubeba hata siku moja. Soketi mpya, plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na ufundi, jumla 15,000. Sitaki kujumlisha na zile nyingine.

Usiku nikabofya. Nembo, feni, mlima, bodaboda... nyasi! Nikaruka. Mama mkwe akasogeza kiti, akatazama dakika kumi nzima bila neno, kisha akauliza hao wa bluu mbona wanakupita tu. Ni mimi niliyekuwa wa nyekundu.

"Haya," akasema akijifunga kanga, "kwa kuwa samaki hana kesi, mtoeni mlikomficha. Kesho napika."

Gemu niliiacha inajicheza. Nilitoka kwa kisingizio cha vocha, nikakimbia na ndala mpaka geti la jirani. Mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake, anachokoa meno, boksi liko pembeni limegeuzwa kuwa meza ya redio.

"Shikamoo bosi," akasema, na yule ananizidi umri. "Huyo mama anarudi Mwanza lini akatuletee wengine?"