Majina ya kuguswa kwa kidole

Jumapili nilipotoka zamu ya usiku sikwenda kulala. Nilishuka Egham nikapanda kilima cha Cooper's Hill kwa miguu, hadi ukumbusho wa wanahewa wa Runnymede. Ninaishi Uingereza mwaka wa saba sasa, na nilikuwa nikiupita tu kwa mbali.

Ulifunguliwa mwaka 1953. Kutani mmechongwa majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wa Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, waliopotea katika Vita vya Pili vya Dunia bila kaburi kujulikana. Wengine walizama na ndege zao baharini, wengine hakuna ajuaye walikoangukia. Wamo wanawake pia, akiwemo Noor Inayat Khan, afisa wa jeshi la wanahewa aliyetumwa kijasusi Ufaransa, akauawa katika kambi ya Wanazi ya Dachau mwaka 1944. Wamepangwa kwa mwaka, halafu kwa cheo. Juu yako ndege za Heathrow zinapita, na hakuna anayekudai kitambulisho.

Nilimkuta mzee mmoja ameweka kidole kwenye jina. Akaniambia ni mjomba wake, aliyepotea kabla yeye hajazaliwa. Hakulia. Alifuata herufi moja moja, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma, kisha akafunga koti lake akaondoka.

Mimi nililelewa Eastleigh, Nairobi. Kambi ya wanahewa ilikuwa jirani yetu, lakini tuliijua kwa ukuta wake wa nje na kwa helikopta tulizozipungia mikono. Katika Nairobi niliyokulia sijapata kuona mahali ambapo mama mboga anaweza kusimama akitoka sokoni, akaligusa jina la mwanahewa aliyekufa kazini.

Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, rubani wa ndege za kivita na kamanda wa zamani wa Jeshi la Wanahewa, akafa pamoja na wanajeshi wenzake 9. Nilikesha na simu mkononi. Niliona taifa likiomboleza siku tatu, nikaona Jenerali akizikwa Siaya bila jeneza, jinsi alivyotaka mwenyewe. Nilijivunia nchi yangu siku zile. Lakini pale Runnymede nilijaribu kuwataja wale 9 nikashindwa. Hata mmoja.

Najua tutakavyojitetea: sisi hatuandiki wafu kwenye mawe, tunawapa watoto majina yao. Ni kweli, na ninaipenda desturi hiyo kuliko marumaru yoyote. Mimi mwenyewe nimepewa jina la babu yake baba, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi Vita vya Kwanza, akaingia Tanganyika asirudi. Kila mama aliponiita kula, alikuwa anamwita na yeye. Kule Runnymede yako majina mengi ambayo pengine hayana tena mtu wa kuyaita.

Ila jina la ukoo huishia kwenye ukoo. Jirani yetu wa mlango wa pili hakujua ninabeba jina la nani. Na serikali haiwezi kutuachia sisi kina mama na watoto kazi ya kukumbuka watu iliowatuma yenyewe. Nendeni Kenyatta Avenue mkazitazame zile sanamu tatu za shaba za mwaka 1928, za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maneno yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana watakumbuka majina ya waliokufa. Majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Wakoloni walitufanyia hivyo. Kwa nini sisi tuendelee?

Ninataka ukuta Eastleigh, upande wa barabara, nje ya geti, mtu ashuke matatu aufikie. Usiwe mrefu. Uanze na wale kumi wa Aprili 2024, na tusiige mpango wa vyeo wa Runnymede. Wapangwe kwa alfabeti, Jenerali asimame palipo na herufi yake, katikati ya vijana wake.