Chuma ulete wa baiti moja

Duka la shangazi yangu pale mwaloni Kirumba, Mwanza, liliwahi kuingiliwa na chuma ulete ambaye hakuwa mtu wala jini. Alikuwa baiti moja tu, yaani herufi moja ya kompyuta, tena isiyoonekana kwa macho.

Kwa msiotoka huku kwetu: chuma ulete ni yule mteja anayesemwa kwamba akikulipa noti yake, noti hiyo inawakomba wenzake wote walio kwenye droo na kurudi nao kwa mwenyewe. Jioni ukihesabu, hela hakuna. Ukiwauliza wafanyabiashara wanaamini au hawaamini, watacheka. Ukifungua droo zao utakuta ndimu, na wataapa kwamba ni ya mboga.

Shangazi anauza dagaa kwa jumla, na bei ya dagaa haitulii. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa inakosa kazi, boti zinalala, na bei inapanda. Mwezi ukififia, mzigo unashuka mpaka makuli wanakosa pa kukanyaga. Halafu dagaa wa chanja, waliokaushwa juu ya uchaga, si bei moja na wa mchangani, walioanikwa chini na ambao ni wa rahisi, na mteja wa Kongo anayebeba magunia si sawa na mama lishe anayetaka sado moja. Yote haya yalikuwa kichwani mwa shangazi. Nikajitolea kuyatoa.

Hapo ndipo lilipo tatizo la sisi watu wa kompyuta: mtu mwenye akili angemchorea jedwali. Mimi nikamtengenezea lugha. Nikaiita Sato, nikaiandikia kompaila yake, ile programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Faili la kwanza la bei nikaliita p0.st: p ya programu, na 0 kwa sababu fani yetu inaanza kuhesabu kwenye sifuri.

Kompaila kazi yake kubwa ni kulalamika, na malalamiko lazima yatokee mahali. Wengi huchukua maktaba ya kuchapisha, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Mimi nikasema hapana, nitaandika kuanzia chini kabisa. Kwenye mfumo wa Linux kila programu huzaliwa na mikondo mitatu: 0 wa kuingiza, 1 wa matokeo, 2 wa makosa. Unaikabidhi kerneli, ule moyo wa mfumo, namba ya mkondo, anwani ya herufi zako kwenye kumbukumbu na idadi yake, nayo inakujibu imepokea ngapi. Inaweza kupokea pungufu ya ulizotoa, na isione haya. Inabidi uzunguke tena umalizie zilizobaki.

Namba ndiyo burudani zaidi. Kuandika "mstari wa 127" kunataka ugawe kwa 10, ushike baki, ugawe tena. Mabaki yanakuja kinyumenyume, 7, kisha 2, kisha 1, kwa hiyo unajaza bufa, ile nafasi ya muda ya kuwekea herufi, kuanzia mkiani. Na kila tarakimu unaiongezea 48, kwa sababu katika msimbo wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake, herufi "0" ni namba 48. Ishikeni hiyo 48, tutaihitaji.

Juu ya yote hayo nikatia rangi. Ukiituma baiti ya 27, inayoitwa eskepu, ikafuatwa na mabano ya mraba, 31 na herufi m, maandishi kwenye skrini yanageuka mekundu. Kosa lazima liwe jekundu. Sijui lugha yenye heshima zake ambayo kosa lake ni jeupe.

Shangazi alikuwa na sharti moja. "Bei ikikataa nataka nijue hapohapo. Karatasi itoke." Basi rafiki yangu wa Nyegezi, fundi wa mambo ya mitandao, akauelekeza mkondo wa 2 wa kompyuta ya dukani kwenye printa ya risiti. Mimi nikakaa stoo na laptopu yangu katikati ya magunia. Nikihifadhi faili, kompyuta ya mbele inalikompaili, na kukiwa na kosa risiti inamtokea shangazi kaunta. Ukuta mzima kati yetu.

Risiti ya kwanza ilitoka na takataka mwanzoni, maana printa haijui rangi za skrini. Shangazi akaja stoo nayo mkononi, sura imebadilika.

"Mwanangu, hii 31m ni nini? Nani ananidai milioni 31?"

Rafiki yangu akaandika kichujio haraka: ukiona mabano ya mraba, kula kila kitu mpaka herufi m. Tukakiamini bila kukijaribu. Akapanda bodaboda akaenda zake.

Siku iliyofuata nilikuwa stoo nahangaika na kanuni ya mwezi mpevu. Nahifadhi, inakataa, narekebisha, nahifadhi. Mbele nasikia kengele ya droo, kling, nikafikiri biashara imechangamka. Kumbe droo inajifungua yenyewe. Shangazi alikuwa amesimama na kikombe cha chai, droo ikamchomoka ikampiga tumboni, chai ikamwagikia daftari la madeni. Mbele yake alikuwepo mzee mmoja kutoka Kahama ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoa noti ya elfu kumi.

"Mama, mimi sijagusa kitu," mzee akasema, mikono juu.

"Nimekuona hujagusa. Ndiyo maana naogopa."

Shangazi akafunga droo. Mimi huko nyuma, bila habari, nikahifadhi faili tena. Kling. Mzee wa Kahama akaidai noti yake. Shangazi akampa kwa ncha za vidole, akamwambia leo dagaa zimeisha. Nyuma yake magunia yamefika dari.

Kutoka hapo duka likawa kituo cha ukaguzi. Kila noti ilinuswa. Kuli aliyekuwa akiomba chenji ya soda akaambiwa aagize kutoka nje ya mlango. Droo ikawekwa chumvi ya mawe na ndimu mbili. Wazo hilo lilikuwa baya kwa sababu za kimekanika tu: droo ile ina springi kali, na mimi nilikuwa bado sijauelewa mwezi mpevu. Droo ilipofyatuka, ndimu zote mbili ziliruka kaunta, moja ikaviringika hadi miguuni kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anaingia na "Mwangaluka" yake mdomoni. Aliitazama ndimu, akamtazama shangazi, akageuza bila kuimalizia salamu.

Lakini kilichommaliza shangazi ni karatasi. Droo ikifunguka, printa nayo inatoa ujumbe. Nilikuwa nimesahau kufunga kanuni yangu moja, faili likaisha kompaila ikiwa bado inasubiri. Kwa kosa la aina hiyo ujumbe niliouandika ulikuwa wa kitaalamu kabisa. Shangazi akauchana, akausoma kwa sauti mbele ya wateja:

"t:7: kosa: mwisho umefika kabla ya wakati."

Duka likabaki tupu. Shangazi hakuja stoo kuniuliza. Alimpigia simu mzee mmoja wa Kisesa, mtaalamu wa mambo hayo, wakakubaliana malipo nusu kwanza na nusu kazi ikikamilika. Mzee akafika na mkoba wake, akafukiza, akazunguka kaunta, akatoa uamuzi kwamba kitu hiki kinapitia ukutani, kinatokea upande wa stoo. Mpaka leo sina la kumkosoa.

Walipofungua mlango wa stoo ili kukifukuza wakanikuta mimi.

Nilipewa ile risiti. Jicho langu halikwenda kwenye mwisho wala kwenye wakati, lilikwenda kwenye ile "t". Ujumbe ulitakiwa uanze na p0.st. Herufi nne zimeliwa: p, 0, nukta na s. Nikampigia rafiki yangu, akaja mbio, na wazo lake la kwanza likawa kwamba jina la faili lina mkosi. Akalibadilisha kuwa d0.st, d ya dagaa. Tukahifadhi kosa lilelile.

Droo ikatulia tuli. Shangazi akashusha pumzi. Halafu printa ikaanza kutema karatasi nyeupe, ikatema, ikatema, kama shubiri nzima, ndipo likafuata neno moja la kosa. Rafiki yangu akajaribu tena ili ahakikishe. Na tena. Mzee wa Kisesa akaokota ile karatasi, akaigeuza pande zote mbili, akasema sasa kinaandika kwa wino wa kwao.

Ndipo tukafanya tulichopaswa kuanza nacho: tukauelekeza mkondo kwenye faili badala ya printa, tukazitazama baiti moja moja kwa namba zake. Mwanzoni kabisa mwa mstari, mbele ya jina la faili, ilikuwa imekaa 27. Kichujio kilikula mabano, kikala 31, kikala m. Eskepu yenyewe haina umbo, haichapishiki, kwa hiyo hakuna aliyeiona ikibaki. Na printa nyingi za risiti zinapokea amri zao kwa eskepu hiyohiyo.

Droo ya hela, kwa asiyejua, kwa kawaida haiunganishwi moja kwa moja na kompyuta. Waya wake unaingia kwenye printa, na printa ndiyo inayoifyatua ikipata amri: eskepu, p, 0, kisha baiti mbili za muda. Jina langu p0.st likawa amri kamili. Nukta ni namba 46 kwenye ASCII, printa inazidisha kwa milisekunde 2, koili ya droo inapewa umeme milisekunde 92. Herufi s ni muda wa kupumzika. Kinachobaki cha kuchapwa ni "t". Na eskepu ikifuatwa na d ni amri ya kusogeza karatasi, idadi ya mistari ikisomwa kwenye baiti inayofuata. Baiti hiyo ilikuwa herufi "0". Mistari 48.

Mimi nashikilia mpaka leo kwamba jina langu la faili halikuwa na kosa. Rafiki yangu anashikilia kwamba kichujio chake kiliondoa kila kinachoonekana, kama alivyoagizwa. Tuliyamaliza kwa kuirekebisha kompaila iulize kwanza kama mkondo wa 2 unakwenda kwenye terminali, yaani skrini ya maandishi. Kama hauendi, isitie rangi kabisa. Kichujio tukakitupa. Droo ikatulia mchana kutwa, na nikaupata mwezi mpevu kwa utulivu.

Nilimweleza shangazi yote, kuanzia 27 hadi 92. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, kisha akafungua droo kwa mkono wake na kumhesabia mzee wa Kisesa ile nusu iliyobaki, maana kazi imekamilika. Mzee akapokea, akanigeukia mimi, akasema kijana huyu ana kipaji, ila apunguze. Nikajibu marahaba yangu tumboni.

Mimi na rafiki yangu tulipewa dagaa, tena wa mchangani.

Kisha shangazi akavuta kiti. Akasema mashine ibaki, bei anaipenda, ila yale maneno ya mwisho na wakati hayatatoka tena dukani kwake. Akayatunga mwenyewe, mimi nikaandika. Rafiki yangu akalalamika kuhusu urefu, akaambiwa karatasi hainunui yeye. Sasa kosa likitokea, risiti inasema: "Shikamoo shangazi. Mstari wa 7 una tatizo dogo, kijana analishughulikia. Hela ziko salama."