Mwalimu Hakuacha Kuandika

Jumamosi nilikutana na Mwalimu pale stegi ya Kencom, mvua inanyunya, sote tumejibanza chini ya mwavuli wa muuza magazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikamwambia kwa huruma zote: "Mwalimu, tulisikitika sana ulipoacha kuandika."

Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama darasani. "Niliacha lini?"

Akatoa simu, akapangusa matone kwa ncha ya tai, akanionyesha. Tangu Januari ameandika makala kumi na nne. Kumi na nne! Nami ninayejiita msomaji wake sugu sijaona hata moja.

"Nami nilidhani umenichoka, kijana wangu," akasema, akapanda gari lake.

Mori ulinipanda njia nzima. Blogu ya Mwalimu iko palepale ilipokuwa siku zote. Aliyegeuka ni tarishi. Miaka mingi iliyopita nilibonyeza "fuata" kwenye mtandao wa kijamii nikidhani nimemfuata Mwalimu, kumbe nilikuwa nimepeleka ombi tu, na ombi lenyewe likatiwa chini ya rundo. Kila asubuhi mashine fulani huko ughaibuni inaamua kwamba leo huyu apewe matusi ya wanasiasa, video ya mtu anayeanguka kutoka kwa punda, na tangazo la viatu alivyokwisha kununua. Mwalimu na ngeli zake watangoja. Ngeli haziuzi.

Jioni hiyo nilirudi kwenye milisho ya RSS, yaani ile orodha ya makala mpya ambayo blogu huitoa yenyewe, na programu ya kusomea huenda kuichukua na kukuletea. Nilirudi, kwa maana niliwahi kuishi huko. Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kusomea milisho, tarehe 1 Julai 2013, tulitawanyika kama abiria walioteremshwa Pangani na walikuwa wamelipa nauli ya Githurai. Kila mtu akadandia chochote kilichopita. Tukasahau kwamba kilichoondoka ni gari tu, barabara ilibaki. RSS ipo tangu 1999 na hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi moja ikaifunga. Hizo podikasti mnazosikiliza mkipiga pasi, nyingi bado zinapita humohumo.

Basi nikachukua anwani ya blogu ya Mwalimu, nikatia mkwaju (/) na neno "feed" mwishoni, maana anatumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, na WordPress hutoa mlisho hata kama mwenye blogu hajawahi kusikia kitu kama hicho. (Hajawahi. Nilimpigia nikamwuliza, akadhani nazungumzia chakula cha kuku.) Nikabandika kwenye programu ya kusomea. Makala kumi zikashuka mara moja, ya juzi juu, ya zamani chini. Mlisho wa WordPress usipoguswa hubeba kumi za karibuni tu, kwa hiyo zile nne nilizifuata mwenyewe kwenye blogu, nikijisikia kama mtu anayelipa deni.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Watu wakitaja milisho hudhani ni ya wapenda habari, wale wa kujua kila kitu kabla ya jirani. La! Gazeti halihitaji mlisho, litakufuata mpaka kitandani. Mlisho ni wa mtu anayeandika mara moja kwa wiki tatu. Mtandao wa kijamii unampenda anayepayuka kutwa. Mtu akikaa kimya siku ishirini akipika jambo moja, siku anapolipakua meza imeshajaa wengine. Programu ya milisho haina ubaguzi huo. Inakwenda kubisha mlangoni kwa Mwalimu, leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, hata mwezi uishe, na siku akiandika inaniletea. Haimpimi kwa kelele. Haijui hata kama kuna mwingine aliyemsoma. Ninaye pia mama mmoja wa Eldoret anayeandika kuhusu mbegu za kienyeji, ameandika mara tatu tangu mwaka uanze, na zote tatu nimezisoma siku ileile. Niambieni ni wapi kwingine ningepata hivyo bila kulipa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: Mwalimu huyu nilimjua kama mwandishi kwa sababu mtu alisambaza makala yake kwenye mtandao uleule ninaoutukana. Na ni kweli nilianza kwa tamaa, nikajiandikisha magazeti manne, asubuhi nikakuta habari mia tatu zinaningoja kama madeni. Nikayafuta yote manne. Nikabaki na watu kumi na tisa.

Bando pia linapona. Nashusha zote kwa waifai ya kazini, nasoma kwenye matatu, masaa mawili ya Thika Road, simu haigusi mtandao. Isipokuwa wale wanaokata makala baada ya sentensi mbili na kukuwekea "soma zaidi". Mungu anawaona.

Asubuhi ya leo Mwalimu ameandika tena. Namba 1 ikajitokeza kando ya jina lake nikiwa bado nakoroga chai. Makala nzima ni ugomvi wake wa miaka yote, kwamba wingi wa saa ni saa, na anayesema vingine alilala darasani. Mlisho hauna mahali pa kumjibu, kwa hiyo namjibu hapa: Mwalimu, lile "masaa" hapo juu nimeliona. Nimeliacha makusudi. Nipigie.