Masurufu tunayabana, vibali tunaviachia

Fomu ya masurufu ya kampuni nyingi za Arusha inajua kuhoji. Risiti ya EFD iko wapi? Ulilala hoteli gani? Mbona teksi ya kutoka stendi ni ghali hivyo? Ila haina mahali pa kuuliza mfanyakazi alivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya kwa hati gani, na kama hati hiyo inamruhusu kufanya alichokwenda kufanya. Mhasibu atamwandama mtu wiki mbili kwa shilingi elfu kumi na tano, huku deni la mamilioni likijengeka bila mtu kushtuka.

Chukua fundi wa majokofu wa Njiro aliyeitwa na mteja wa Nairobi. Kesho yake yuko kwenye kituo cha pamoja cha Namanga, kile kilichozinduliwa Desemba 2018, maofisa wa nchi mbili jengo moja. Ofisa anamuuliza anakwenda kufanya nini. "Mkutano." Kwenye begi ana geji za gesi na seti ya spana.

Wenye kampuni wana hoja, tena si ya kupuuza. Jokofu la mteja likifa leo, nyama haisubiri kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako hapa hapa mjini, sasa kwa nini kwenda kwa jirani kuwe kama kwenda Ulaya? Ukweli ni kwamba itifaki ilifungua ajira kwa kada ambazo kila nchi iliziorodhesha, si kwa kila mtu. Ruhusa ya mgeni anayopigiwa mhuri mpakani si kibali cha kazi. Na mambo yakiharibika, anayekalishwa benchi la uhamiaji ni fundi. Bosi yuko ofisini anapiga simu.

Upande wa pili, wa wanaobana kila safari, nao wana yao. Kuna ofisi, hasa zenye makao makuu nje, ambazo safari ya siku moja inadai saini saba na fomu ya tathmini ya hatari ndefu kuliko ripoti ya safari. Matokeo yake watu wanajifunza kusema "mkutano". Kwa maoni yangu, safari zigawanywe kwa kazi inayofanyika. Anayekwenda kusikiliza, kuuza au kujadili bei aende leo. Anayekwenda kushika spana kwa malipo asubiri kibali, au kazi apewe fundi mshirika aliyeko Nairobi. Faida itapungua, sawa, lakini mteja atabaki.

Wanaokuja kwetu hesabu yao haina utata: meneja mgeni wa kambi ya watalii anahitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015, na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kimoja hakizibi pengo la kingine.

Kodi ndiyo inayonyemelea kimya kimya. Tanzania na Kenya zote zina kipimo cha siku 183 kwa mwaka. Ukizifikisha, sheria inaweza kukuhesabu mkaazi kikodi. Meneja mauzo anayekaa Nairobi Jumatatu hadi Alhamisi kwa wiki 46 amefikisha 184, na hakuna aliyewahi kusema amehama. Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa 2010 lakini haujaanza kutumika, kwa hiyo usitegemee kwamba mamlaka mbili zitaelewana kwa niaba yako. Dawa yake ni daftari la siku, ambalo hata karani anaweza kulitunza.

Baadhi ya ofisi badala ya kuhesabu siku zinaweka programu ya kufuatilia simu. Usalama barabarani ni hoja ya kweli, hasa tangu mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena 2023. Lakini simu hiyo hiyo inaripoti alipo mtu Jumamosi usiku, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimpi mwajiri uhuru huo wa bure. Namba ya gari, saa ya kuondoka na ujumbe mmoja wa "nimefika" vinatosha.

Uhamisho wa ndani ndio unaodharauliwa kuliko yote. Mtu ameajiriwa Dar es Salaam, akahamishiwa Arusha, akakaa miaka, akajenga Usa River. Siku ajira inakwisha, kampuni inasema huyu ni mkazi wa hapa. Yeye anasema, nirudisheni mliponichukua. Kibinadamu kila mmoja ana lake. Kisheria, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaangalia mahali alipoajiriwa: mwajiri amsafirishe na mizigo yake au alipie usafiri, na posho ya kujikimu inahesabika kila siku tangu ajira ikome mpaka asafirishwe. Kampuni inayobishania nauli ya Fuso moja inaweza kujikuta inalipa posho ya miezi. Hapo ndipo faili linapofunguliwa, na barua ya ajira inakutwa imeandikwa "kituo cha kazi: Arusha", bila neno hata moja kuhusu mahali alipoajiriwa.