Tuingie Hekalu la Forest Road

Ukitoka Westlands kwa matatu kwenda Pangani kupitia Forest Road, lazima uione ile minara ya mawe ya manjano iliyochomoza juu ya miti, bendera zikipepea kileleni. (Barabara yenyewe sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai, lakini makanga hawajaacha kuiita Forest Road.) Kwa wakazi wengi wa Nairobi, hapo ni mahali pa kushukia tu. Mtu anasema "temple", gari linasimama, anateremka na kushika njia yake. Nimekulia mji huu, na katika jamaa na marafiki zangu wote, waliowahi kuvua viatu na kuingia mle ndani ni wachache mno. Naandika kuwaomba muingie.

Ni hekalu la Kihindu, na jina lake kamili ni BAPS Shri Swaminarayan Mandir: mandir ni hekalu, na BAPS ni jumuiya ya Wahindu wanaomfuata mtakatifu Swaminarayan. Lilifunguliwa mwaka 1999 na Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa kiongozi wa kiroho wa jumuiya hiyo mpaka alipofariki mwaka 2016. Mawe yake yalitoka Jaisalmer, kule Rajasthan, pembeni mwa jangwa, yakachongwa kwa mikono India, yakavuka bahari na kuja kuunganishwa hapa kwetu. Nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa sekondari anayependa kujua kila kitu kimejengwa vipi. Mzee mmoja wa Kihindi, miongoni mwa wanaojitolea kupokea wageni, alitueleza kwamba kanuni za kale za ujenzi wa mahekalu hazitaki chuma kibebe uzito.

"Sasa mzee, yanashikwa na nini?" mpwa wangu akauliza.

"Na uzito wake, kijana. Kila jiwe linamkalia mwenzake."

Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho. Alikulia Kisumu, baba yake akiuza vitambaa, na wateja wa duka ndio waliomfundisha Kijaluo kabla hajaijua vizuri Kigujarati ya kusoma. Tulikaa naye muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Ukifika, usiukimbilie ukumbi mkuu wa sala. Chagua nguzo moja uikaribie. Chini kabisa kuna tembo waliopangwa mstari. Ukiwatazama upesi utadhani ni mmoja amerudiwa, lakini ukimfuata mmoja mmoja utaona huyu kainua mkonga, yule kageuza shingo kumtazama wa nyuma. Juu yao kuna mshipi wa maua, halafu wachezaji ngoma, na kwenye kifundo cha mguu wa mmoja wao njuga zimechongwa moja moja hata unaweza kuzihesabu. Fundi aliyefanya kazi hiyo alijua kwamba jiwe likishapandishwa kwenye nafasi yake, karibu hakuna atakayeinama kuziona. Alizichonga hata hivyo. Mpwa wangu aliinama, na mimi nikainama naye, na wageni wengine wakatuzunguka kujua tumeona nini.

Ndani, mawe yanaipisha mbao, nayo imechongwa vivyo hivyo, ukutani na darini. Kupiga picha hakuruhusiwi kwenye sehemu ya ibada, na nashukuru, maana mtu asiye na simu mkononi hutazama kwa macho yake. Mbele kuna vyumba vidogo vyenye murti, sanamu takatifu zilizovishwa mavazi ya hariri na mashada ya maua. Milango ya vyumba hivyo hufungwa na kufunguliwa kwa saa maalumu, na mgeni asiyejua anaweza kufika akakuta pazia limeshushwa akaondoka amenuna. Sababu yake ni hii: kwa muumini, Mungu yuko pale kama mkaaji wa nyumba. Huamshwa asubuhi, huogeshwa na kuvishwa, huandaliwa chakula, mchana hupumzika, usiku hulazwa. Ndiyo maana pazia hushushwa: mwenye nyumba anakula au amepumzika. Inapofika saa ya arti, taa za tambi zilizolowekwa samli huzungushwa mbele ya murti huku watu wakiimba na kupiga makofi, kisha moto hupitishwa, kila mtu anautandazia viganja na kujigusa usoni.

Najua hapa ndipo wengi wanaposimama. Nimelelewa kanisani, na neno sanamu lilifundishwa kwetu kwa kidole kilichoinuliwa. Jamaa zangu kadhaa waliniuliza kama siogopi kumpeleka mtoto wa watu kwenye nyumba ya miungu. Sikuogopa, na sidhani yeyote mwenye imani yake ana haja ya kuogopa. Hakuna aliyetuomba tuiname. Hakuna aliyetuwekea alama kwenye paji la uso bila kutuuliza, wala aliyetufuata na karatasi ya kutuongoa. Tulikaa tukatazama, wao wakasali. Imani inayoyumba kwa kumwona jirani akisali haikuyumbishwa na jirani.

Kuna jambo moja halikunipendeza, na nitalisema. Wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma, na watawa wa jumuiya hiyo, walioapa kuishi bila ndoa, hawazungumzi na wanawake. Nililijua hilo kabla ya kwenda, lakini kulijua si sawa na kukaa pale ukimwona mpwa wako anasogea mbele ya watu na wewe unabaki kando. Mwanamke wa makamo aliyekaa karibu nami aliniambia kwamba huko nyuma hasikii kupungukiwa na kitu. Namheshimu kwa jibu lake, na bado silikubali. Makanisa na misikiti ya kwetu ina yake pia ambayo siyakubali, na sijaacha kuingia.

Lakini si sanamu wala mpango wa kukaa unaotufanya tulipite hekalu hilo bila kugeuka. Ni historia yetu na Wahindi wa nchi hii, na hiyo haina utamu wote. Shangazi yangu alifanya kazi za nyumbani Parklands kwa miaka mingi. Kwenye nyumba moja alikuwa na kikombe chake cha chai, cha bati, kikikaa chini ya sinki peke yake, na watoto aliowalea walifundishwa wasikiguse. Nilipomwalika tuongozane hekaluni alikataa katakata: "Nenda wewe. Mimi niliwafagilia vya kutosha." Sikumbishia. Kilio cha namna hiyo kimejaa katika nyumba za Nairobi, na ukarimu wa wanaojitolea kwenye lango la hekalu haukifuti. Anayetaka watu weusi waingie kwa wingi pale lazima ajue kwamba wengi wamewahi kuingia katika nyumba za Wahindi kupitia mlango wa jikoni.

Nilimwambia yule mzee habari za kikombe. Nilidhani atatafuta pa kutorokea. Alinyamaza kidogo, akasema nyumbani kwao Kisumu pia kilikuwepo. Halafu akaongeza kwamba baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, baba yake aliweka sanduku lililofungwa karibu na mlango wa chumba cha kulala, likakaa hapo miaka. "Mtu mwenye sanduku mlangoni hafanyi urafiki, dada." Sikuona kwamba anajitetea. Alikuwa akinieleza upande ambao shangazi yangu hakuwahi kuuona, kwa sababu alikuwa jikoni na sanduku lilikuwa chumbani.

Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tumekaa pamoja zaidi ya miaka 120 na tunajuana kwa kaunta na kwa jikoni tu. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa humo, kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo, na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Karibu 6,700 ndio waliobaki. Wafanyabiashara wa Kigujarati wakafuata reli, wengine walishakuwa pwani kabla yake. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Tulipiga makofi, tukarudi kwenye shughuli zetu, na hadi leo Mkenya wa kawaida hajui kama mwenye duka anakonunua mabomba ni Mhindu, Mjaini, Msikhi au Mwislamu wa Kibohora. A. M. Jeevanjee, ambaye bustani yake ndiyo tunayopumzikia katikati ya mji, alikuwa Mbohora. Makhan Singh, aliyesimama Kaloleni, hapa Nairobi, mwaka 1950 kudai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani na akalipa kwa miaka 11 ya kizuizini, alikuwa Msikhi. Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyepigwa risasi mwaka 1965, alitoka katika familia ya Kikatoliki ya Goa. Wote hao tunawatia kapu moja, kisha tunashangaa kwa nini hatuwaelewi.

Hata safari za hekalu lenyewe hazieleweki bila sisi. Wafuasi wa Swaminarayan, mtakatifu aliyezaliwa mwaka 1781 na kufariki Gujarat mwaka 1830, walikuwa na mandir yao Nairobi tangu miaka ya 1940. Kisha zikaja sheria za Kenya za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, maelfu wakaondoka, ikafuata Uganda. Wengi waliangukia London. Huko walianzia katika jengo lililokuwa kanisa, mtaa wa Islington, na mwaka 1995 wakafungua Neasden hekalu la mawe na marumaru linalotembelewa na watu wa kila taifa. Watoto wao walizoa makopo ya alumini na kuyauza ili kuchangia ujenzi. Wakubwa waliotoa fedha na likizo zao, wengi walikuwa wazaliwa wa huku: Nakuru, Jinja, Mwanza. Kwa hiyo Mwingereza anayelisifu hekalu la Neasden anasifu, bila kujua, kazi ya watu wa Afrika Mashariki. Nasi tuna la kwetu, lililofunguliwa miaka minne tu baadaye, na tunalitumia kumwelekeza mtu wa bodaboda.

Ninaloliomba si gumu. Shule za Kenya zina masomo matatu ya dini: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Hilo la tatu, ambalo linagusa pia Ujaini, Ubudha na Usikhi, lina silabasi na mtihani wa taifa kama mengine. Tatizo ni kwamba kila mtoto hufundishwa ya kwao. Mkristo husoma Ukristo kuanzia darasa la kwanza, Mwislamu Uislamu, Mhindu Uhindu, na siku ya kumaliza kila mmoja anatoka na cheti na ujinga wake kuhusu mwenzake. Mpwa wangu alikuwa na alama nzuri katika somo lake na hakuwa amewahi kusikia jina la Swaminarayan, ingawa alilipita hekalu lake kila alipokwenda kununua vitabu. Ningetaka kila mwanafunzi wa sekondari wa mji huu, kabla ya kumaliza, awe ameingia angalau mara moja msikitini, kanisani, gurdwara (hekalu la Wasikhi) na mandir, akasikiliza wenyewe wakieleza. Asalipo na asiposali ni juu yake na wazazi wake. Walimu hupanga safari za kwenda kutazama twiga Langata. Nauli ya Forest Road ni ndogo zaidi.

Na wenye hekalu nao nawaomba kitu. Sehemu ya maonyesho inayoeleza Uhindu kwa wageni ni nzuri, na sina shaka iliwekwa kwa moyo wa kukaribisha. Lakini aliyetufungulia hekalu hilo la mawe alikuwa mzee mmoja wa Kisumu, kwa Kiswahili, akijibu maswali ambayo hakuna ubao unaoweza kuyatarajia. Wapo wengi kama yeye, na hawazidi kuwa vijana. Wapeni viti pale mlangoni. Waacheni waseme habari za duka, za reli, za sanduku, na za kikombe pia. Nina hakika watu wa Ngara na Pangani watakaa kuwasikiliza, kwa sababu mpwa wangu, ambaye hukaa tuli akiwa amelala tu, alimsikiliza mpaka pazia la mchana liliposhushwa.

Kwa anayetaka kwenda: vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Viatu huachwa mlangoni, kwa hiyo vaa soksi nzuri kama sakafu ya marumaru inakusumbua. Usibebe nyama, mayai wala pombe mkobani. Jumuiya hii haili hata vitunguu na vitunguu saumu. Uliza saa za arti kabla ya kutoka nyumbani, na kama mnakwenda na darasa zima, pigeni simu mapema ili mpangiwe mtu wa kuwatembeza. Mimi narudi na shangazi, akikubali. Safari hii ameuliza kama pale ndani kuna mahali pa kukaa.