Majonzi ya ABBA yalitangulia talaka

Kwa miaka mingi nyimbo za ABBA, lile kundi la Sweden lililoshinda mashindano ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, mjini Brighton mwaka 1974, zilihesabiwa kuwa muziki wa kuchangamsha kumbi na hakuna zaidi. Nchini kwao kwenyewe, wanamuziki wa mrengo wa kushoto waliliona kundi hilo kuwa biashara tupu, na mashindano hayo yalipofanyika Stockholm mwaka 1975 wakaandaa tamasha lao mbadala kuyapinga. Leo upepo umegeuka. Wachambuzi wengi wanakubali kwamba chini ya mdundo ule kuna majonzi mazito, ila huyaeleza kwa sababu moja tu: kuvunjika kwa ndoa mbili zilizokuwa ndani ya kundi.

Maelezo hayo si ya kupuuzwa. Björn Ulvaeus na Agnetha Fältskog walitalikiana mwaka 1980, na mwaka huohuo ukatoka wimbo The Winner Takes It All, ambao maneno yake aliyaandika Björn na kuyaimba akayaimba Agnetha. Benny Andersson na Anni-Frid Lyngstad walipoachana mwaka 1981, Anni-Frid naye aliongoza When All Is Said and Done, wimbo wa wawili wanaofikia mwisho wa safari yao. Mtu hahitaji kuwa mbea ili auone uhusiano huo. Björn mwenyewe amekiri kwamba maumivu ya wakati ule yalimchochea, ingawa ameshikilia kuwa kisa ni cha kubuni na kwamba katika talaka yao hakukuwa na mshindi.

Kinachonizuia kuridhika ni tarehe. Knowing Me, Knowing You, unaosimulia wawili wanaoagana katika nyumba iliyobaki tupu, yenye vyumba ambamo zamani watoto walicheza, ulirekodiwa mwaka 1976. Wakati huo Björn na Agnetha walikuwa bado mke na mume, na mtoto wao wa pili alikuwa hajazaliwa. Benny na Anni-Frid walikuwa hata hawajaoana, kwani walifunga ndoa mwaka 1978. Kwa hiyo kilio kilisikika kabla ya msiba. Atakuwepo wa kusema kwamba nyufa huanza muda mrefu kabla ya ukuta kuanguka, na hilo haliwezi kukanushwa, maana nani ajuaye yaliyomo katika ndoa ya mwenzake? Lakini hoja ya namna hiyo, kwa kuwa haikanushiki, haithibitishi chochote pia.

Tukirudi nyuma zaidi, hadi SOS ya mwaka 1975, tunakuta jambo ambalo habari za faragha haziwezi kulieleza. Beti zake zimejengwa katika ngazi ya sauti ambayo masikio yamezoea kuihusisha na huzuni, piano ikitangulia na Agnetha akiimba kama mtu anayejizuia. Kisha kiitikio kinahamia ngazi ya uchangamfu, magitaa yanaingia kwa nguvu, na maneno yanabaki ya mtu aliyekata tamaa. Anayecheza dansi husikia uchangamfu, na hakosei. Uzito umewekwa pale ambapo mahadhi na maneno yanavutana, na kuuweka pale ni kazi ya fundi. Hata The Winner Takes It All, wanaoutegemea sana watetezi wa nadharia ya talaka, uko katika ngazi hiyohiyo ya uchangamfu. Una vipande viwili tu vya mahadhi vinavyorudiwarudiwa juu ya piano inayoshuka hatua kwa hatua, na kila vinaporudi mwimbaji huvibebesha mzigo zaidi. Talaka ilimpa Björn mada. Haikumpa Benny, mpiga piano wa kundi, piano ile.

Nadharia hiyo inabanwa zaidi na The Day Before You Came wa mwaka 1982, ndoa zote mbili zikiwa zimekwisha. Mwanamke anaorodhesha siku yake ya kawaida, treni, ofisi, gazeti, chakula cha jioni, televisheni, kwa karibu dakika sita bila kiitikio cha kueleweka. Hakuna anayeachwa humo wala anayelia, na bado ni miongoni mwa nyimbo zao zinazoelemea moyo kuliko nyingine. Nchini Uingereza, ambako ABBA walikuwa wameshika namba moja mara tisa, uliishia nafasi ya 32.