Pointi 24 peke yake hazitoshi
Makala moja kuhusu diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari) inasema mwanafunzi akifikisha pointi 24 kati ya 45, diploma ni yake. Wazazi wa Nairobi wasiishie hapo. Mtu anaweza kupata 30 na bado akaikosa: akiwa na 1, alama ya chini kabisa, katika somo lolote, au E, ya chini kabisa pia, katika insha ndefu (kazi ya utafiti ya mwanafunzi mwenyewe) au somo la lazima la Nadharia ya Maarifa, hapewi. Masomo matatu ya ngazi ya juu nayo lazima yalete angalau pointi 12. Shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii hazina alama hata moja, lakini zisipokamilika diploma haitoki. Insha ndiyo ya kuangaliwa mapema, maana mtahini huacha kusoma baada ya maneno 4,000. "Athari za ufisadi Kenya" ni mada pana kupindukia. Nauli za matatu za njia moja baada ya bei ya mafuta kupanda, hiyo inashikika, na data mwanafunzi anaikusanya mwenyewe stejini. Walimu mlio hapa, shuleni kwenu mwanafunzi hupewa msimamizi wa insha muhula gani wa mwaka wa kwanza?